Jirani haingii ndani, anaingia kazini

Kila nikija Mombasa likizo swali ni lile lile, ati huko kwa wazungu si hata jirani humjui? Na mimi kabla sijahama nlikuwa nasema hivyo hivyo. Sai nna miaka sita huku Småland, kusini ya Uswidi, kijiji chenyewe nyumba kumi na moja na msitu, na nataka kubisha kidogo.

Kwanza hii miezi ya majani kuanguka, kabla baridi haijaingia. Vitabuni wanaiita vuli, lakini mimi mtoto wa Majengo vuli naijua ni mvua, ile ya Oktoba Novemba inayojaza maji vichochoroni. Huku ni majani yakhe, unakokota na reki tangu asubuhi, ukigeuka nyuma pamejaa tena. Bibi yangu kule Mtongwe alikuwa akimaliza kuswali alfajiri anafagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, majani ya mwembe na kumbi rundo moja, moto, basi, na mbu washakimbia. Huku hamna basi. Gata za paa utoe majani la sivyo maji yagande humo, dohani ipigwe brashi (ana mtu wake rasmi wa kuja, ni sheria), gari nayo, manake kuanzia tarehe 1 Desemba barabara ikiwa na barafu lazima uwe na tairi za baridi, na bomba la nje ulifunge ulitoe maji yote. Hilo la bomba nlilisahau mwaka wa pili, maji yakaganda ndani likapasuka, nkaamka ukuta unalia.

Lakini kazi yenyewe ni kuni. Kuni mbichi hazifai, zinajaza masizi kwenye dohani na masizi siku moja yanashika moto, kwa hiyo unapasua leo za kuwasha mwakani. Mimi ningejulia wapi? Nliuziwa mzigo mzima mbichi, nkazipanga, nkajiona nshakuwa mtu wa shamba. Akapita jirani, mzee wa karibu miaka themanini. Akachukua kipande akakigonga kwa chengine, pu, sauti imekufa, kuni kavu inalia kama chuma. Hakusema neno, akenda zake. Nkasema moyoni haya, ndio hawa. Jioni, na jioni huku ni saa kumi giza totoro, nasikia trekta, kumbe karudi na trela ya kuni kavu, akazipanga mwenyewe bandani moja moja, chai namkaribisha hataki.

Baadaye ndio nkajua. Januari 2005 dhoruba waliyoiita Gudrun ilipita huku ikalaza misitu, kuna watu walikaa wiki kadhaa bila stima kwenye baridi hii, barabara zimezibwa na miti. Kwa hiyo mtu akikuuliza una kuni ngapi si umbea, anakupimia kama utafika Machi.

Jina lake silitaji. Huku hata mwalimu mkuu unamwita jina tupu lakini ulimi wangu unakataa, rika la babu yangu! Namwita Mzee, nlimweleza maana yake akacheka.

Oktoba wanawinda elki, mnyama wa pembe mkubwa kama farasi, akaniletea mfuko wa nyama umeganda kama jiwe. Nkamwambia Mzee samahani, mimi nyama yangu lazima ichinjwe kwa bismillahi. Akafikiri, fikiri, akauliza, na samaki? Kesho yake samaki watano wa ziwani kwenye ndoo. Nkawapika kwa tui la kopo, na ndoo nkairudisha na mahamri manake kwetu chombo hakirudi kitupu, sasa tangu hapo imekuwa vita, yeye jemu ya tufaha mimi mahamri.

Haya njooni nyumbani. Mamangu alipovunjika mguu, wanawake wa mtaa walipika kwetu mwezi mzima, hilo sitalisahau wala huku sitalipata, huku ukiumwa utaletewa kuni ulale na homa yako peke yako. Lakini ule mwembe wa bibi ulioinamia jikoni? Miaka miwili kila mpita njia anaingia, anakunywa chai, anautazama, "huu utawaangukia siku moja." Hata mmoja hakuja na panga. Kusi ikauangusha, ikaondoka na nusu ya makuti, na waliofika wa kwanza walikuja kuchukua kuni. Ndio hao hao wanaoniambia mimi wazungu hawana ujirani.

Sisemi nani bora. Siku zengine hapa naweza kukaa wiki bila kusikia sauti ya mtu mlangoni, na hilo linauma, usidanganywe na picha za majani mekundu. Nimemfundisha Mzee kupiga hodi. Jana kaja, "hodi," nkamjibu karibu, karibu ndani Mzee. Akabaki pale pale kwenye ngazi na mabuti yake, akanyoosha shingo upande wa ukuta, akaniuliza, bomba la nje ushalifunga?