Kilo 12.9 Zilizogeuka 12

Mizani ilisoma 12.9. Risiti ikatoka 12. Mama mmoja wa Uru, huku juu ya Moshi mjini, akaisoma, akageuka kuangalia tena mizani, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hizo nyingine mmempa nani?" Programu ya kupokea kahawa mbivu niliiandika mwenyewe kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na tatizo lilikuwa amri yake int(). Hiyo haikadirii kwenda namba nzima iliyo karibu, inakata kila kilicho baada ya nukta, hata kama ni 12.999.

Wanaotetea kukata wana hoja. Kijana wa miaka 17.9 hapigi kura, hakuna wa kumkadiria awe na 18. Na mnunuzi wa kahawa atakwambia ukiandika 13 badala ya 12.9 umemlipisha gramu 100 za hewa.

Ila hasara ya kukata humwangukia mtu yuleyule kila siku. Kwa mizani ya desimali moja, mkulima hupoteza wastani wa kilo 0.45 kila anapopima. Akipima mara kumi, kilo nne na nusu zimeyeyuka. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilionja hayo: fahirisi yake, yaani namba moja inayoonyesha mwenendo wa bei za hisa, ilianza mwaka 1982 ikiwa 1000, na kila ilipokokotolewa upya, maelfu ya mara kwa siku, ilikatwa kwenye desimali ya tatu. Novemba 1983 ilisoma karibu 525, wakati hesabu sahihi ilikuwa karibu 1099.

Kukadiria hupunja leo, kesho kukazidisha. Nako kuna mtego: nusu ikipandishwa kila mara, mizani ileile itamzidishia mkulima wastani wa gramu 50. Ndiyo maana katika Python amri ya kukadiria, round(2.5), hutoa 2 na round(3.5) hutoa 4, nusu huenda kwenye namba shufwa. Mweleze hivyo mwenye duka wa Mbuyuni uone atakavyokutazama.

Mimi niliishia kutunza gramu, namba nzima, na kukadiria mara moja tu, kwenye shilingi ya mwisho. Hata kugeuza kilo kuwa gramu natumia round(), kwa sababu kompyuta haiwezi kuhifadhi desimali nyingi kwa usahihi kamili: int(0.29*100) hutoa 28.

Risiti sasa inatoka 12.9. Mama yule bado anaanza na mizani.