Programu Isiyomjua Ng'washi

Katika ukanda wetu wa Ziwa, kuanzia Magu hadi Buchosa, ni vigumu kuorodhesha watu mia moja bila kukutana na jina lenye ritifaa, yaani alama ya ('). Ng'washi ni mojawapo ya majina hayo. Nimekuwa nikiandika programu hapa Mwanza kwa miaka kadhaa, nyingi zikiwa za wafanyabiashara wa samaki na za vikundi vya kuweka na kukopa, na ninaamini kwamba programu ambayo haijajaribiwa kwa jina hilo bado haijajaribiwa kabisa, hata kama imepita majaribio mengine yote yaliyomo kwenye vitabu.

Nilijifunza hilo kwa kumwumiza mtu. Programu niliyokitengenezea kikundi kimoja cha akina mama ilikataa kumsajili mwanachama mwenye jina la namna hiyo, ikaonyesha ujumbe wa hitilafu ambao mtunza hazina hakuweza kuuelewa, naye akafanya jambo la busara kwa wakati ule: akaondoa ritifaa na kuandika Ngwashi. Miezi michache baadaye nilirekebisha hitilafu hiyo bila kuuliza watumiaji walikuwa wameikwepa vipi. Katibu mpya akamtafuta mama yule kwa jina lake sahihi, hakumpata, akamsajili upya. Kuanzia hapo akiba yake ikawa inaingia kwenye akaunti mbili, na siku ya mgawanyo aliambiwa kiasi kidogo kuliko alichokuwa ameweka. Alikuwa na haki ya kukasirika.

Chanzo chake ni kosa la kawaida mno. Katika SQL, lugha inayotumika kuipa hifadhidata amri, maandishi hufungwa kwa alama ileile ya ritifaa mwanzoni na mwishoni, kwa hiyo mwandishi wa programu anayeunganisha jina la mtu na amri yake moja kwa moja huifanya hifadhidata idhani kwamba jina limeishia kwenye Ng, na kwamba herufi zinazofuata ni sehemu ya amri. Mlango huohuo ndio wanaoutumia wahalifu kupenyeza amri zao na kusoma au kufuta majedwali. Dawa yake haihitaji ustadi mkubwa: amri iandikwe ikiwa na nafasi tupu, na jina lipelekwe kando kama data, kazi ambayo kila lugha ya programu inayotumika leo ina njia yake ya kuifanya. Wako wanaotatua tatizo hili kwa kuifuta ritifaa kila inapojitokeza, na mimi sikubaliani nao hata kidogo. Ng'oa na ngoa ni maneno mawili yenye maana mbili, na jina la mtu si mahali pa kufanyia masahihisho.

Hata baada ya hapo kazi haijaisha, kwa sababu ritifaa inayoandikwa kwenye simu moja inaweza kuwa alama iliyonyooka na ya simu nyingine ikawa imepinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti ingawa jicho la msomaji linaziona sawa. Wilaya ya Nyang'hwale, jirani zetu wa Geita, inaweza kujitokeza mara mbili katika jedwali moja la uchambuzi kwa sababu hiyo tu, kama ambavyo Misungwi na Missungwi huhesabiwa kuwa sehemu mbili. Kwa hiyo ninahifadhi jina kama lilivyoandikwa, kisha ninatengeneza safu ya pili iliyosawazishwa kwa ajili ya kutafutia, na utambulisho wa mwanachama ninauweka kwenye namba ya uanachama badala ya jina.

Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina ya baadhi ya jeni, kwa mfano SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa sababu Excel, programu ya majedwali, ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Wanasayansi waliamua kwamba ni rahisi zaidi kubadili majina kuliko kupambana na jedwali, na kwa jeni uamuzi huo unaeleweka. Kwa watu hauwezekani. Excel hiyohiyo huondoa sifuri ya mwanzo kwenye namba za simu, na orodha ya wateja ikishapitia huko mara moja, 07 inakuwa 7. Tiba ni kuieleza mapema kwamba safu hiyo ni maandishi na si hesabu, kwa kuwa hakuna anayejumlisha namba za simu.

Makosa yanayonitia hofu zaidi, hata hivyo, ni yale yasiyotoa ujumbe wowote wa hitilafu. Niliwahi kuletewa takwimu za mwalo mmoja, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki, zilizoonyesha kwamba mitumbwi mingi ya dagaa hutia nanga saa nane usiku. Mchoro ulikuwa mzuri, na kwa mtu asiyeujua mwalo ulikuwa na mantiki, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Karani wa mwaloni alikuwa ameandika "saa 2", akimaanisha saa mbili asubuhi kama anavyosema kila mtu hapa, na mchambuzi akaiingiza kwenye Python, lugha ya programu anayoitumia kuchambulia, kama 02:00. Mtumbwi ulikuwa umefika saa sita baadaye kuliko mchoro ulivyodai. Juu ya hilo, seva nyingi huhifadhi muda wa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, ambao uko nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo mzigo uliopokewa kwetu baada ya saa sita usiku na kabla ya saa tisa huonekana kuwa wa siku iliyotangulia usipobadilishwa wakati wa kusomwa. Siku hizi fomu zangu zinauliza saa kwa Kiswahili, zinataka mtu achague alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na programu ndiyo inayofanya ubadilishaji.

Mfano wa mbalamwezi ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu hauwezi kutatuliwa na mtu asiyemwuliza mvuvi. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza, kwa kuwa taa zao huvuta samaki pale ambapo mwezi hauangazi, na mwezi unapokaribia kuwa mpevu wengi hupumzika. Takwimu za siku hizo zina pengo. Tuseme mtumbwi umevua siku 20 ukapata ndoo 30 kila siku, kisha ukapumzika siku 10. Mchambuzi akijaza sifuri kwenye mapengo, wastani unashuka hadi ndoo 20 na ripoti inasema uvuvi umeporomoka, ilhali hakuna kilichoporomoka. Hifadhidata zinazofuata mfumo wa majedwali, ambao Edgar Codd aliupendekeza mwaka 1970 akiwa IBM, zinatofautisha sifuri na thamani isiyokuwepo, yaani NULL, na SQL ikitafuta wastani huiacha NULL nje ya hesabu. Lakini NULL nayo ina mtego wake: hailingani na kitu chochote, hata na NULL nyenzake, na anayeitafuta kwa alama ya usawa atarudishiwa orodha tupu na kudhani kwamba data haipo. Ninaona ni vyema kuwa na safu nyingine inayosema kwa nini siku hiyo haina ndoo: mbalamwezi, upepo, au karani hakufika. Sababu hizo tatu hazifanani, na hakuna hesabu itakayozitenganisha baadaye kama hazikuandikwa siku ileile.

Kuhusu vipimo nitasema kwa kifupi. Ndoo, sado, gunia na kilo visiwekwe kwenye safu moja ya namba. Kiasi kiwe na safu yake na kipimo kiwe na safu yake.

Kwenye simu, tatizo kubwa la visiwani ni mtandao unaokuja na kupotea. Mtu akiwa Ukerewe anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, hapati jibu, anabonyeza tena, na seva inapokea mauzo yaleyale mara mbili. Wengi huweka onyo la kumkataza mtumiaji asibonyeze mara ya pili, jambo ambalo naliona kuwa ni kumbebesha mzigo usiokuwa wake. Simu yenyewe inaweza kuupa kila muamala namba ya kipekee kabla haujatumwa, ikauhifadhi kwanza kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ambayo tayari imo ndani ya kila simu ya Android, kisha ikautuma mtandao utakaporudi. Seva nayo ikiona namba ileile kwa mara ya pili inajibu kwamba imeshapokea, bila kuandika kitu kipya. Nimeona mauzo maradufu yakitoweka kwa badiliko hilo moja, na makarani wakaacha kuweka daftari la kulinganishia.

Ramani nazo zina kosa lake. Mwanza iko karibu na nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta na 32.9 mashariki, na latitudo ya kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Alama hiyo ikisahaulika, mwalo wa Igombe unahamia kaskazini mwa Uganda. Namba mbili zikibadilishana nafasi, unaangukia mashariki mwa Moroko. Ninaweka mipaka ndani ya hifadhidata ili ikatae mwalo wowote ulio mbali na Ziwa.

Haya yote sasa yamo kwenye faili moja la majaribio ninaloendesha kabla ya kumkabidhi mtu programu, na mstari wake wa kwanza ni Ng'washi, mara moja kwa ritifaa iliyonyooka na mara moja kwa iliyopinda. Akaunti mbili za mama yule tuliziunganisha kwa mkono, tukifuata daftari la kikundi ukurasa kwa ukurasa mbele yake, na alipokwisha kulipwa kilichobaki aliomba aonyeshwe jina lake kwenye simu. Lilikuwa limeandikwa kama anavyoliandika mwenyewe.