Video ndefu ya harusi inastahili kutetewa

Wachumba wa siku hizi wakitafuta mpiga picha hawaombi tena kuona albamu. Wanafungua ukurasa wake wa Instagram, wanatazama filamu tatu nne za dakika moja moja, na mazungumzo ya bei yanaanzia hapo. Wanachokiona kinavutia kweli: droni inapaa juu ya bahari, gauni limetundikwa dirishani, bwana harusi anafunga kifungo cha mkono wa shati taratibu, muziki unapanda, wawili wanatembea ufukweni jua likizama. Ukiitaja kwenye kikao cha kamati ile video tuliyoizoea, ya saa tatu au nne, inayoanzia saluni na kuishia kwenye foleni ya chakula, watu wanaguna. Mimi naona imehukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Filamu fupi haikushinda kwa bahati. Mwaka 2008 Canon ilitangaza 5D Mark II, kamera ya picha za mnato iliyoweza pia kurekodi video ya kiwango cha juu kwa lenzi zilezile. Mpiga picha wa harusi wa Kinondoni au wa Nairobi akapata ule mwonekano wa sinema, sura ya mtu ikiwa safi na nyuma yake kumefifia, bila kukodi vifaa vya gharama ya filamu. Mwaka 2013 Instagram ikaruhusu video za sekunde 15, na mtu aliyekuwa akitegemea kusifiwa mdomo kwa mdomo akapata kibao cha biashara kinachoonekana mpaka Muscat. Vijana walioingia kazini baada ya hapo walijali mambo ambayo wakongwe wengi hawakuyajali: mwanga wa dirishani, ukimya kabla ya kiapo, kipaza sauti kidogo kwenye koti la bwana harusi, na hasa kazi ngumu ya kuchagua nini kibaki na nini kitoke. Heshima hiyo wanaistahili.

Na video ndefu ilikuwa na maovu yake. Taa kali iliyowamulika wageni machoni wakiwa na paja la kuku mkononi. Mioyo na maua ya kompyuta yakielea juu ya sura ya bibi harusi. Wimbo mmoja uliorudiwa mpaka masikio yakachoka. Kamera iliyoachwa kwenye stendi huku mwenyewe akila. Kanda za VHS ziliota ukungu kwa unyevunyevu wa pwani, na DVD zilizozifuata leo nyumba nyingi hazina pa kuzichezea. Yote nayakubali, lakini ni makosa ya ufundi na ya vifaa. Hayatuambii kwamba kurekodi harusi kwa urefu ni kosa.

Tufanye hesabu kidogo. Filamu ya dakika nne ina sekunde 240. Shoti moja ikikaa sekunde tatu kwa wastani, kuna nafasi 80. Bwana na bibi harusi, nguo zao, pete, viatu, maua, gari na mandhari ya droni vitachukua 50 bila ubishi. Zinabaki 30. Wazazi wa pande mbili, wasimamizi, mchungaji au shehe, keki: toa nyingine 15. Ukumbi una watu 300 na nafasi zilizobaki ni 15, ambazo mhariri atazijaza kwa nyuso zinazopendeza zikiwekewa muziki wake: vijana, mashoga wa bibi harusi, mtoto mmoja anayekata mauno. Mjomba aliyepanda basi kutoka Songea hana nafasi. Jirani aliyechemsha chai ya vikao vya kamati miezi mitatu hana nafasi. Mwenyekiti wa kamati, aliyewapigia watu simu za michango mpaka wakaanza kumkwepa, akibahatika ataonekana mgongo.

Hesabu hii siiachi, kwa sababu harusi zetu hazigharamiwi na watu wawili. Kamati inaundwa, kiwango cha mchango kinawekwa, kadi ya mtu mmoja ina bei yake na ya wawili ina yake, na katika mikutano hiyohiyo fedha ya picha na video inatengwa kutoka mfuko wa wote. Watu 300 wamenunua filamu ambamo 285 hawamo. Sidhani kuna aliyekusudia jambo hilo. Limekuja pamoja na mtindo, kwa kuwa mtindo wenyewe ulizaliwa mahali ambapo harusi inahesabiwa kuwa hadithi ya mapenzi ya wawili, na wageni ni watazamaji wake.

Watetezi wa filamu fupi husema video ndefu haina simulizi, ni matukio yamepangwa foleni tu. Hapa ndipo ninapotofautiana nao zaidi. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliigawa balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, mafungu matatu: hotuba ya mahakamani, inayothibitisha lililotokea, hotuba ya barazani, inayoshauri lifanyike nini, na hotuba ya sherehe, inayosifu. Filamu fupi ni ya kusifu, na inasifu vizuri. Video ndefu inabeba zote tatu. Inathibitisha nani alikuja, alikaa upande gani, alitoa nini na alisema nini mbele ya mashahidi. Inahifadhi ushauri, yaani nasaha walizopewa maharusi juu ya ndoa yao. Na inasifu, ingawa kwa kigugumizi. Ukiipima kwa kusifu peke yake itashindwa kila siku.

Tazama kipande cha zawadi, ambacho ndicho cha kwanza kukatwa. MC anaita upande wa mama mzazi wa bibi harusi. Wimbo unabadilishwa. Shangazi anatangulia, kitenge kipya begani, nyuma yake wanawake wapatao ishirini wa sare moja, hatua mbili mbele, moja nyuma, kila mmoja na chake mkononi: sufuria kubwa, blanketi likiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki, bahasha. Wa mwisho ni bibi mzaa mama, ameshikwa mkono. Kuifikia meza kuu kunachukua dakika sita. Kwa mhariri mwenye sekunde 240, dakika hizo ni mzigo. Kwa anayejua kusoma picha, humo mna hoja nzima. Mpangilio wa safu unasema nani mkubwa kwa nani. Sare inasema nani amehesabiwa ndani. Mwendo wa taratibu unawalazimisha wakwe kukaa na kuona kwamba binti huyu ana watu, na watu hao watakuja kuuliza siku akiteswa. Polepole ile ni ya makusudi, ni sehemu ya usemi wao. Ukiikata ikawa sekunde tatu, umeonyesha wanawake wanaocheza.

Mpiga video wa zamani alilijua hili hata kama hakulisomea. Yule anayekaa kinyumenyume nyuma ya pikapu la matarumbeta, kamera ikitazama gari la maharusi, anarekodi pia mtaa: mama lishe anayesimama kupiga vigelegele, bodaboda wanaojiunga na msafara, watoto wanaokimbia pembeni. Hao wote ni ushahidi kwamba ndoa imetangazwa.

Halafu kuna sauti. Filamu fupi karibu kila mara hulaza muziki juu ya kila kitu na kubakiza sentensi moja ya kiapo, au mbili za baba. Nasaha zinatoka. Nimekaa katika misiba ambapo watu wanatafuta sauti ya marehemu, na kinachotafutwa ni video ya harusi ya mtoto au mpwa wake, maana siku hiyo ndiyo mzee alipewa kipaza sauti na mtu akarekodi. Picha zake za simu zipo tele. Lakini yeye mwenyewe akiongea dakika tano mfululizo, akilikosea jina la mkwe, akisahihishwa, akicheka na kuendelea, hayuko pengine popote. Familia moja ninayoifahamu ilitafuta hivyo ikakuta filamu ya dakika tatu na nusu: mkono wa babu unapokea kipaza sauti, midomo inafunguka, na juu yake piano. Walipomrudia mpiga picha kuomba rekodi nzima, ilikuwa imeshafutwa kupisha kazi nyingine. Hakuvunja mkataba wowote, kwani mkataba ulitaja filamu na picha tu.

Hata hisia zenyewe, ambazo ndizo nguvu ya filamu fupi, zina maswali. Takriban miaka 100 iliyopita mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov alichukua uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin akaupachika karibu na bakuli la supu, kisha karibu na maiti ndani ya jeneza, kisha karibu na mwanamke. Kwa masimulizi ya wenyewe waliofanya jaribio lile, watazamaji walisifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, huzuni na matamanio, ilhali uso haukubadilika. Wahariri wa harusi wanaitumia mbinu hiyo kila wiki. Katika filamu moja niliyoitazama, mama wa bibi harusi anatokwa machozi mara tu pete inapovishwa, na ungeapa ni furaha. Waliokuwepo wanajua alilia asubuhi, nyumbani, jina la marehemu mumewe lilipotajwa kwenye sala.

Jibu la mhariri si jepesi, na nalitendea haki: hakuna filamu isiyopanga upya mambo, hata video ya saa nne ina mikato, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Kwa tangazo au hadithi ya kubuni ningekubali nikanyamaza. Kwa kumbukumbu ya familia siwezi. Huzuni ya mjane yule ilikuwa na sababu na saa yake, na mjukuu atakayeitazama filamu hiyo miaka ijayo atafundishwa kitu ambacho hakikutokea.

Swali la hadhira haliulizwi vya kutosha. Filamu fupi inaongea na nani? Kwa sehemu kubwa na mteja ajaye. Ndiyo inayowekwa kwenye ukurasa wa biashara, ndiyo inayoleta kazi ya Jumamosi nyingine, na ndiyo maana filamu ya Arusha, ya Mombasa na ya Kampala zinafanana gauni kwa gauni, machweo kwa machweo. Siwalaumu wapiga picha, wana kodi ya kulipa. Ila wachumba wafahamu kwamba sehemu ya ushawishi uliomo haikuelekezwa kwao.

Video ndefu inajua inazungumza na nani: sebule, ndugu, chai, na mtu wa kusema simamisha hapo nimwone yule. Mwambao unalielewa jambo hili kuliko wengi wetu. Katika shughuli za wanawake Zanzibar, Lamu na Mombasa, mara nyingi simu huzuiwa mlangoni, anaitwa mpiga video mwanamke, na nakala inabaki kwa familia ya bibi harusi. Wanawake wamejipamba kwa ajili ya macho ya wenzao, siyo ya dunia nzima. Kamera inaweza kukaa kwa muda mrefu na kuonyesha mengi kwa sababu watakaotazama wanajulikana. Filamu inayotengenezwa ili isambae inalazimika kuficha, au kuanika.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote upande wa pili ni ya maharusi wenyewe. Wengi wao hawakuchagua ukumbi wa watu 300. Wazazi na kamati walichagua. Kuanzia kicheni pati, sendofu, mpaka usiku wa harusi walikuwa wakisukumwa kutoka meza hadi meza, na zile dakika ishirini ufukweni na mpiga picha ndizo pekee walizokuwa wawili. Filamu fupi ndiyo iliyowaona. Ningekuwa mwana kamati nisingekubali iondolewe kwenye bajeti. Ninachokataa ni iwe kumbukumbu pekee.

Wala siombi turudi kwenye mioyo inayoelea. Mwanga mzuri, sauti safi na mikono iliyotulia vinaweza kutumika kwenye dakika sita za zawadi kama vinavyotumika kwenye kifungo cha shati. Kamera ya pili ikae kwenye meza za nyuma. Ndafu akiingia ukumbini, lenzi ibaki kidogo kwa waliombanika na kumbeba. Kabla ya siku yenyewe, mtu mmoja wa kila upande anayezijua koo, mara nyingi shangazi, akae na mpiga video amwoneshe kwa picha za simu nani ni nani, ili siku hiyo asimfuate tu aliyevaa vizuri. Na mkataba utaje kwa maandishi kwamba kiapo, nasaha zote na zawadi zote zitakabidhiwa nzima, kwa sauti yake halisi bila muziki, kwenye diski mbili za nyumba mbili tofauti. Malipo ya mwisho yasubiri mpaka diski hizo ziwe zimefunguliwa na nasaha kusikilizwa hadi mwisho.