Mchango wa kuokoa injini ya mvuke: boila italipiwa na nani?

Mwaka 1963 shirika la reli la Uingereza liliistaafisha Flying Scotsman, injini ya mvuke iliyotoka karakana ya Doncaster miaka 40 nyuma, na ambayo mwaka 1934 iliandikwa rasmi kuwa ya kwanza kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kilomita 161. Wapenzi wa reli walianzisha mchango ili isiuzwe chuma chakavu. Zilitakiwa pauni 3,000, hazikupatikana. Injini maarufu kuliko zote nchini mwao ilipona kwa sababu mfanyabiashara mmoja, Alan Pegler, alizitoa mfukoni mwake.

Habari hii haisemwi sana. Uokoaji wa injini kongwe husimuliwa kama ushindi wa umma: wananchi wamechanga, chuma kimepona, bendi imepiga. Ukifungua daftari la fedha utakuta sura nyingine. Mara nyingi umma umelipa sehemu ndogo ya bei, na bei yenyewe ni sehemu ndogo ya gharama.

Tuendelee na Scotsman. Mwaka 1969 Pegler aliipeleka Marekani kunadi bidhaa za Uingereza. Serikali ikabadilika, msaada ukakatwa, injini ikakwama California na mwenyewe akafilisika mwaka 1972. Tajiri mwingine, William McAlpine, akaikomboa mwaka uliofuata. Miaka ya 1990 ikaingia mikononi mwa Tony Marchington, naye akafilisika. Ndipo mwaka 2004 Makumbusho ya Taifa ya Reli ya York yakainunua kwa pauni milioni 2.31. Safari hii umma ulichanga kweli, na tajiri Richard Branson akaongezea juu yake. Lakini pauni milioni 1.8 zilitoka kwenye mfuko wa taifa wa urithi, ambao hujazwa na serikali. Kwa hiyo walipa kodi ambao hawajawahi kuota treni ya mvuke, kwa pamoja, walitoa zaidi kuliko mashabiki waliotuma hundi zao kwa machozi.

Na huo ulikuwa ununuzi tu. Matengenezo makubwa yaliyoanza mwaka 2006 yalikwisha mwaka 2016, kwa pauni milioni 4.2.

Anayepinga michango hii, basi, ana hoja nzito, na kumjibu kwamba urithi hauna bei ni kumkwepa. Urithi wa aina hii una bei, tena hurudi kudai kila baada ya miaka. Sababu ni boila. Ndani yake kuna moto upande mmoja wa chuma na maji upande wa pili, na kati yao mabomba mengi ambayo joto la moto hupitia. Kila injini inapowashwa chuma hutanuka, ikipoa hunywea, na maji huacha kutu na magadi. Chombo kama hicho kikipasuka kikiwa na presha huua, ndiyo maana Uingereza kwa kawaida injini hairuhusiwi kuzidisha miaka 10 kabla ya boila kuvuliwa, mabomba kung'olewa na kila kitu kukaguliwa upya. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha boila kimetoboka chini.

Kuna mashaka mengine. Vikundi vya hiari hupenda kununua, havipendi kujenga paa. Picha ya injini ikivutwa kutoka yadi ya vyuma huleta michango, picha ya bati jipya la banda haileti. Matokeo yake ni injini zilizookolewa zisikatwe, zikaishia kuoza nje kwa miongo kadhaa. Hizo zimeahirishiwa kifo tu.

Upande wa pili, hata hivyo, una ushahidi ambao mimi binafsi umenibadilisha msimamo.

Katika mji wa Barry, kusini mwa Wales, Dai Woodham alinunua injini 297 za mvuke ili azikate. Vijana wake wakaona mabehewa mabovu ni mepesi kukata, wakaanza nayo, na injini zikabaki kando zikipigwa na upepo wa chumvi mwaka hadi mwaka. Uvivu huo wa kibiashara (sijui niuite nini kingine) uliwapa watu wa kawaida muda wa kuchanga. Injini 213 zikatoka pale.

Mojawapo ni Duke of Gloucester. Ilitengenezwa Crewe mwaka 1954, ya pekee ya aina yake, kuziba pengo la injini iliyoharibika katika ajali ya treni ya Harrow ya mwaka 1952. Madereva na wachochea moto hawakuipenda: ilikula makaa ya mawe bila kutoa mvuke wa kutosha. Baada ya miaka 8 ikastaafishwa. Silinda yake ikaondolewa, ikachanwa ili wageni wa makumbusho ya sayansi ya London waone matumbo yake, na mwili uliobaki ukaishia Barry. Kundi la wapenzi likaununua mwaka 1974 kwa chini ya pauni 5,000. Wataalamu wengi waliona ni wendawazimu, kwa sababu hapakuwa na injini ya pili ya kunyofolea vipuri.

Wakaifanyia kazi miaka 12. Walipolinganisha chuma na michoro ya karakana, wakagundua kwamba matundu ya kuingizia hewa chini ya moto yalikuwa yametengenezwa madogo kuliko yalivyochorwa. Miaka yote ile moto ulikuwa ukikosa pumzi, na lawama ikabebwa na mbunifu na waliokuwa wakichochea. Waliporekebisha hilo na mfumo wa kutolea moshi, injini iliyodharauliwa ikapanda milima na mabehewa kwa nguvu ambayo shirika la reli halikuwahi kuiona. Kosa hilo lisingejulikana kwa kusoma makaratasi, wala kama Duke ingekatwa mwaka 1968.

Anayeshabikia michango huongeza mfano wa Tornado. Injini 49 za aina ya A1 zilizotengenezwa mwaka 1948 na 1949 zilikatwa zote, ya mwisho mwaka 1966. Mwaka 1990 wapenzi wakaanza kuchanga kidogo kidogo kila mwezi, na mwaka 2008 ya 50 ikawashwa, mpya kabisa, kwa gharama ya takriban pauni milioni 3. Husemwa: tazameni bei ya kushindwa kuokoa hata moja. Mimi naona mfano huu unakata pande mbili, kwa kuwa ikiwa michoro inatosha kuzaa injini mpya, haja ya kung'ang'ania kila chuma cha zamani inapungua. Kinachouokoa ni Duke, iliyoonesha kwamba michoro na chuma si lazima viseme jambo moja.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili lina majina. Kati ya mwaka 1955 na 1956 kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester iliiletea reli yetu injini 34 za daraja la 59, aina ya Garratt (boila moja iliyobebwa kati ya seti mbili za magurudumu), kila moja ikiwa na uzito wa tani zipatazo 250. Zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja. Zilichoma mafuta na kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, na kila moja ilipewa jina la mlima. Hadi kufikia mwaka 1980 zote zilikuwa zimeondolewa kazini. Zimebaki mbili, katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi yaliyofunguliwa mwaka 1971: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Gelai iko karibu na Ziwa Natron na Shengena ni kilele cha Pare Kusini, kwa hiyo milima yote miwili ni ya Tanzania. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, injini zikabaki na majina ya ng'ambo ya mpaka.

Zipo hoja za kuziacha ziende. Reli hii ni mradi wa mkoloni, na maelfu ya vibarua waliotoka India walikufa wakiijenga. Tangu mwaka 2017 abiria wa Mombasa wamehamia reli mpya ya SGR. Kliniki bado hazitoshi. Lakini walioziendesha Garratt hizo hawakuwa mabwana wa Manchester. Walikuwa Masingasinga, Wajaluo, Wakamba na wengineo, na kazi yao haina mnara mwingine.

Mount Gelai iliwahi kufufuliwa ikatembea tena. Likija tangazo la mchango wa kuifufua kwa mara nyingine, mimi nisingechangia. Ukubwa wake unaifanya iwe shimo la fedha, na injini ndogo kama 3020, yenye jina la Wanyaturu wa Singida, ingefaa zaidi kwa safari za maonesho. Gelai na Shengena ningezichangia paa, rangi, mlinzi wa usiku na fungu la matunzo lililofungwa lisiguswe kwa tiketi wala sherehe.

Na kabla hata ya bati la kwanza, ningelipia watu wa kuwatafuta madereva, wachochea moto na mafundi wa boila waliobaki, wengi wao sasa ni wazee sana, warekodiwe wakieleza walivyoipandisha Garratt kutoka Voi na mzigo nyuma. Gharama yake haifikii ya mabomba ya boila moja, na haiwezi kusubiri mchango wa mwakani.