Elza Soares: Tuanze na Sauti au na Dhiki?

Kila anayemwandika Elza Soares, mwimbaji wa samba wa Brazili, huanza na redio. Mwaka 1953, mwanamke mwembamba kutoka mtaa wa kimaskini wa Rio de Janeiro alipanda jukwaani kwenye shindano la waimbaji chipukizi la Rádio Tupi, amevaa gauni la mama yake lililobanwa kwa pini. Ukumbi ukaangua kicheko. Mwendesha kipindi, mtunzi maarufu Ary Barroso, akamuuliza ametoka sayari gani. Akajibu: sayari ileile yako, sayari ya njaa. Kimya kikatanda.

Nami nimeanza hapohapo kama wenzangu. Kisa ni kitamu mno kukiacha. Lakini tukishakimaliza, huwa tunaendelea na mengine ya aina hiyo: aliozwa na baba yake akiwa na miaka 12, akajifungua akiwa na 13, akazika watoto, akawa mjane mapema. Hadi tufike kwenye uimbaji wenyewe, nafasi imekwisha.

Wanaotaka tuanze na dhiki kabla ya sauti wana hoja nzito. Elza mwenyewe hakuificha njaa. Albamu yake ya mwaka 2019 aliiita Planeta Fome, yaani Sayari ya Njaa. Mwaka 2002 alirekodi wimbo unaosema nyama iliyo rahisi kuliko zote sokoni ni nyama ya mtu mweusi. Hakuutunga yeye, lakini alipouimba, Wabrazili waliuona kama umeandikwa kwa ajili yake. Hata mkwaruzo wa kooni uliosikika alipoimba aliusimulia kuwa ulitokana na kuguna alipokuwa akiinua debe la maji utotoni. Sasa utaitenganishaje sauti na debe?

Hata hivyo, waliobeba madebe ni wengi na Elza ni mmoja. Sikiliza rekodi yake ya mwaka 1960, Se Acaso Você Chegasse. Anaikata mistari, anachelewa nyuma ya mdundo, kisha anaudaka ghafla; koo linakwaruza pale anapotaka yeye likwaruze, halafu sauti inarudi safi. Watu walimfananisha na Louis Armstrong, mwimbaji na mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani. Huo ni ufundi, na mwenye ufundi anastahili kupimwa kama fundi. Mwaka 1969 aliongoza uimbaji wa shule ya samba ya Salgueiro, moja ya vikundi vinavyoshindana kwa ngoma na nyimbo kwenye kanivali, kazi iliyohodhiwa na wanaume, na Salgueiro ikatwaa ubingwa. Jambo hilo hutajwa kwa nadra kuliko gauni la pini.

Halafu kuna Garrincha. Kwa wapenzi wa kandanda huyu hahitaji utambulisho: winga wa miguu iliyopinda, bingwa wa dunia mwaka 1958 na 1962. Alipomwacha mkewe na mabinti zake akaenda kwa Elza, lawama zote zilimwangukia mwanamke. Yeye ndiye mvunja ndoa, yeye ndiye aliyemmaliza nyota wa taifa. (Mume aliyetoka nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, ile ile iliyopinda, hakuulizwa sana.) Ukweli ni kwamba pombe ilimtafuna Garrincha, na Elza ndiye aliyehangaika kumwachisha. Mwaka 1969 mama yake Elza alikufa katika ajali ya gari lililoendeshwa na Garrincha. Mwaka uliofuata nyumba yao ikamiminiwa risasi, wakahamia Italia. Elza alimwacha mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya kupigwa naye.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo simulizi la dhiki linapodanganya. Linaufanya ukatili wa watu uonekane kama bahati mbaya, kisha linamsifu aliyeumizwa kwa kuwa mvumilivu.

Mwaka 2015 Elza alitoa albamu ya A Mulher do Fim do Mundo, yaani Mwanamke wa Mwisho wa Dunia, akiwa na wanamuziki wa São Paulo walio wadogo kwake kwa miongo kadhaa. Zilikuwa nyimbo mpya tupu, samba iliyochanganywa na gitaa kali la roki na kelele za makusudi. Mwaka uliofuata ikapata Latin Grammy, tuzo kubwa ya muziki wa Amerika ya Kilatini. Alikuwa na miaka 85 albamu hiyo ilipotoka, na hakupanda jukwaani ili ahurumiwe. Mmoja wa nyimbo hizo unamwonya mwanamume mpigaji kwamba atajuta akithubutu kuinua mkono, na anauimba kwa kejeli, karibu anacheka.

Alifariki tarehe 20 Januari 2022, tarehe ileile aliyokufa Garrincha mwaka 1983. Taarifa nyingi za msiba zilikimbilia sadfa hiyo. Mimi usiku ule niliirudia rekodi ya 1960, pale anapochelewa mdundo.