Kinaya Kisicho na Kicheko

Juzi nilikaa na mpwa wangu wa kidato cha tatu tukisoma Al-Inkishafi, shairi refu la zamani linaloomboleza Pate, mji wa kale katika visiwa vya Lamu. Kwenye daftari alikuwa ameandika: "Kejeli: mshairi anawakejeli matajiri wa Pate." Nikamuuliza, anawacheka wapi? Akarudi kwenye beti, akatafuta, hakuona. Amezoeshwa kutaja mbinu kabla hajaisikia sauti ya anayesema, na jambo hilo linaniuma sana.

Nikamwambia asome kwa sauti. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga mwanzoni mwa karne ya 19, anatuonyesha kwanza Pate ya neema:

Nyumba zao mbake zikinawiri
kwa taa za kowa na za sufuri;
masiku yakele kama nahari,
haiba na jaha iwazingiye.

Taa zinawaka hadi usiku unakuwa mchana. Mbele kidogo anaanza tena kwa maneno yale yale:

Nyumba zao mbake ziwele tame;
makinda ya popo iyu wengeme.
Husikii hisi wala ukeme;
zitanda matandu walitandiye.

Nyumba ni zile zile. Kilichogeuka ni kitenzi: zilinawiri, sasa zimekuwa mahame. Na waliohamia ni popo, viumbe vya giza, mle mle ambamo taa zililifukuza giza. Kinaya, yaani mambo kugeuka kinyume cha yalivyotarajiwa, kiko hapo, na hakuna neno hata moja la dhihaka. Tazama pia kwamba ni makinda: popo wamezaliana humo, pamekuwa kwao. Halafu masikio yakae tayari kwa mshororo wa mwisho, unaosema vitanda vimetandwa utando: zitanda, matandu, walitandiye. Sauti moja inajirudia mara tatu, kama mtu anayetandika kitanda kwa utaratibu, kumbe anayetandika ni buibui.

Mpwa wangu akasema, "Lakini mjomba, si anawasuta?" Nikamrudisha kwenye "husikii". Anaambiwa nani? Moyo wa mshairi mwenyewe, maana ndio anaousemesha katika shairi hili. Ameushika mkono, ameuingiza kwenye jumba tupu, wamesimama wote wawili wakisikiliza kimya. Anayekejeli hujiweka mbali na anayemcheka. Huyu anajua naye yumo njiani. Toni yake ni ya majonzi na onyo. Ukiiita kejeli, umemfanya mcha Mungu aliyekuwa akililia nafsi yake aonekane mtu wa kucheka makaburini.

Mtoto wa uswahilini akisikia mama anamwambia aliyevunja sahani "Hongera!", hahitaji kufafanuliwa, sauti imemaliza kazi. Kwenye karatasi sauti hiyo haipo, kwa hiyo tuifuate kwa anayesemeshwa, kwa neno lililorudiwa, kwa kitenzi kilichobadilishwa.

Mpwa wangu akafuta "kejeli", akaandika "kinaya, toni ya majonzi". Kisha akauliza kama msahihishaji ataikubali. Nilimwambia aunukuu chini yake ule mshororo wa popo.