Saa Mbili Kati ya Magoti ya Mama

Ujumbe uliingia Alhamisi jioni kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, nikiwa kwenye matatu natoka mjini. Shule inafunguliwa Jumatatu, wasichana wote waje wamenyolewa, nywele zisizidi urefu wa punje ya mchele. Ndivyo ulivyoandikwa, punje ya mchele. Chini yake majibu yakaanza kumiminika, asante mwalimu, tumepokea mwalimu. Mimi niliusoma mara tatu, na nilipoinua macho tulikuwa tumeshaipita Hamza, tunakaribia Donholm. Nikashuka, nikavuka barabara, nikarudi kwa miguu.

Binti yangu ana miaka tisa na anaingia gredi ya nne. Nywele zake nimezisuka mwenyewe tangu zilipoanza kushikika kwa vidole. Sitaki zinyolewe, na ili nieleze sababu itabidi nianzie mbali kidogo, mtaa wa Jericho hapa Nairobi, kwenye nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ya vyumba viwili tulimoishi watu saba.

Niliingia darasa la kwanza 1985, mwaka ule ule mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza, enzi za maziwa ya Nyayo kwenye pakiti za pembe tatu. Nyumbani kila siku ya wiki ilikuwa na kazi yake. Jumamosi asubuhi sare zilifuliwa kwenye karai kwa sabuni ya kipande, soksi nyeupe zikatiwa buluu, na vitambaa vya makochi, ambavyo mama alivifuma mwenyewe, vikaanikwa kwenye kamba moja na sketi zetu. Jumapili tukitoka kanisani tulikula, mama akapiga sare pasi ya makaa, na mwendo wa saa tisa akatoa kigoda na kukiweka mlangoni palipokuwa na mwanga. "Njoo, mami." Mimi ndiye mkubwa kati yetu, kwa hiyo nilianza mimi.

Vifaa vyake vilikaa kwenye mkebe wa Blue Band: kitana cha meno mapana kilichokuwa na pengo mahali meno mawili yalipokatika, kibonge cha uzi mweusi, wembe wa kukatia uzi, na sindano moja ya chuma ya kufumia sweta. Mafuta ya nazi yalikuwa kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Mwezi wa saba, baridi ya Nairobi inapokaza, yaliganda yakawa meupe kama mshumaa, na chupa ikabidi isimamishwe kando ya jiko mpaka yalainike. Nikiyasikia yakianza kucheza ndani ya chupa nilijua zamu yangu imefika.

Nilikaa chini kwenye kipande cha gunia, mgongo wangu ukiegemea kigoda, mabega yangu kati ya magoti yake. Kwanza alifumua za wiki iliyopita, na hapo nilifumba macho kwa raha kwa sababu ngozi ya kichwa hupumua uzi ukilegea. Kisha kuchana, ambako hakukuwa na raha. Kisha ile sindano. Aliipitisha kutoka kipaji cha uso hadi kisogoni kugawa njia, na mpaka leo naweza kuonyesha kwa kidole pale chuma kile cha baridi kilipopita. Alishika fungu, akazungusha uzi kuanzia shinani, akauvuta, akazungusha tena, na alipofika mwisho aliukata kwa meno, ingawa wembe ulikuwa pale pale kwenye mkebe. Mlio wa uzi ukikatika karibu na sikio langu naujua kuliko nyimbo nyingi. Leso yake ilinukia moshi wa makaa na vitunguu. Redio ilikuwa Sauti ya Kenya, watu wakitumiana salamu.

Na mama alikuwa akizungumza.

Sikumbuki hata mara moja mama akiniambia jambo zito tukiwa tumetazamana. Mezani tuliambiwa tule, asubuhi tuliambiwa tufanye haraka. Mambo yenyewe aliyasema nikiwa nimempa kisogo. Nilikuwa na miaka minane, fungu la tatu au la nne upande wa kushoto, aliponiambia kwamba kiwanda kule Industrial Area kimempunguza baba kazini. "Wadogo zako wasijue kwanza." Mikono yake haikusimama. Alichukua fungu lililofuata, na mimi nikabaki kutazama watoto wa jirani wakiruka kamba nje, nikijua kwamba nimeaminiwa. Hapo ndipo nilipojua vilevile kwamba alizaa mtoto wa kiume kabla yangu, akaishi siku kumi na moja. Hapo ndipo aliponiuliza kwa nini siku hizi sichezi na fulani, nami nikamwambia, kwa sababu hakuwa akiniona uso.

Mwaka 1989 niliingia darasa la tano. Shule ikatangaza kwamba wasichana wa madarasa ya juu hawataruhusiwa kuwa na nywele, ni wakati wa kusoma. Mama alinipeleka kwa kinyozi aliyekuwa akifanyia kazi chini ya mti, si mbali na Uhuru Market, akanyoa kwa mashine ya mkono iliyokuwa ikivuta kabla ya kukata. Nywele zikaanguka juu ya gazeti. Mama alilikunja lile gazeti pamoja na nywele zangu, akalitia kwenye mkoba wake, tukarudi nyumbani bila neno.

Baada ya wiki mbili nilitoka mashilingi, matatu nyuma na moja juu ya sikio. Hili naliweka wazi kwa sababu usafi ndiyo hoja ya kwanza ya walimu. Ile mashine ilinyoa vichwa vya mtaa mzima na ilipanguswa kwa kitambaa kimoja tu. Mashilingi ni ukungu wa ngozi, na mashine isiyosafishwa vizuri ni njia mojawapo ya kuusambaza. Kwa miaka yote niliyosukwa sikuwahi kuugua kichwa. Nilipotakiwa kuwa msafi nikaugua, mama akanipaka dawa mwezi mzima huku nikivaa kitambaa.

Lakini mashilingi yalipona. Ambacho hakikurudi ni zile Jumapili. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba mama na binti yake mkubwa wasizungumze tena. Ni kwamba kigoda hakikuwa tena na sababu ya kutolewa kwa ajili yangu. Mama wa Jericho wa wakati ule, mwenye watoto watano na kibanda cha mboga, hakuweza kumwita mtoto aje akae tu kwa saa mbili. Mikono ilihitaji kazi ndipo mdomo ufunguke. Wadogo zangu wawili waliendelea kusukwa pale mlangoni kwa muda, nami nilizunguka karibu nao nikijifanya naokota uzi. Nilipopata hedhi mara ya kwanza nilimwambia rafiki yangu wa darasani. Mama alijua baada ya miezi mitatu, kwa kuona kitambaa kwenye karai.

Namlaumu nani? Mama hapana. Aliambiwa na shule, na shule iliheshimiwa kuliko hata daktari.

Hoja ya pili ya walimu ni usawa, na hii sitaki kuipuuza, kwa sababu nia yake ni njema. Wanasema wapo wenye uwezo wa kwenda saluni kila wiki na wapo wasio na uwezo, basi wote wawe na vichwa sawa. Mimi nilikuwa miongoni mwa wasio na uwezo. Naomba nieleze sketi yangu. Mama aliinunua kubwa, na fundi pale Uhuru Market akaacha upindo wa vidole vinne ndani. Kila Januari mama alifumua mkunjo mmoja, sketi ikateremka, na pale ulipokuwa mshono pakabaki mstari wa rangi ya samawati nzito kama siku ilipotoka dukani, huku sehemu nyingine yote ikiwa imepauka kwa jua na sabuni. Nilipofika darasa la sita nilikuwa na mistari mitatu. Yeyote aliyetaka kujua hali ya kwetu angehesabu. Viwiko vya sweta vilifumuliwa na kufumwa upya kwa uzi usiolingana kabisa na wa kwanza. Vichwa vyetu vilikuwa sawa, na kila mtoto darasani alijua nani ni nani.

Tena haikuwa kweli kwamba vichwa vyote vilikuwa sawa. Darasani kwetu palikuwa na msichana ambaye mama yake alikuwa Msomali. Yeye aliachiwa nywele zake kwa sababu, mwalimu alivyosema, zake zinalala. Sisi zetu hazilali. Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipoelewa, bila mtu kunieleza zaidi, kwamba tatizo ni aina ya nywele zangu. Miaka iliyofuata niliibeba ile sentensi kichwani, nikaziunguza nywele kwa kichana cha moto nilipomaliza kidato cha nne, nikazitia dawa hadi zikakatika panja zote mbili. Sisemi ni kosa kwa mtu mzima kuzinyoosha nywele zake akipenda. Nasema mimi sikupenda, nilikuwa natafuta nywele zinazolala.

Na gharama? Uzi mweusi, mafuta na Jumapili moja. Kinyozi hulipwa kila wiki mbili au tatu, mwaka mzima. Wapo kina mama wa zamu za usiku, wapo wanaolea peke yao, wapo kina baba wasiojua kusuka, na hao wakiamua kunyoa binti zao ni haki yao kabisa, sitawahukumu. Ninachoomba ni uamuzi huo ukae nyumbani. Shule iseme nywele ziwe safi, ziwe zimefungwa, zisiwe na rangi wala shanga za kelele. Sare tumeinunua, viatu tumevinunua.

Watu hunikumbusha kwamba mahakama ilishalisema jambo hili. Ni kweli kwa sehemu. Januari 2019 msichana wa kidato cha kwanza hapa Nairobi alirudishwa nyumbani kwa sababu ya rasta zake, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zake zilikiukwa. Lakini kesi ile ilihusu imani yake ya Kirastafari. Mimi sina dini ya nywele. Nina mama, na kigoda, na binti.

Kuna jambo lingine la karibu zaidi. Muhula uliopita shule hii hii ilimpa binti yangu kazi ya nyumbani: asuke mkeka mdogo kwa vipande vya karatasi, mzazi amsaidie, apigwe picha itumwe. Tulikaa sakafuni jioni nzima, juu, chini, juu, chini, na alipokosea alifumua akaanza upya bila kulia. Mwalimu alimpa alama za juu. Kusuka mkeka na kusuka kichwa ni neno moja katika lugha yetu, na vidole vinavyojua kimoja hujifunza kingine upesi. Mtaala mpya unamtaka mtoto ajue kufanya vitu kwa mikono yake, na unamtaka mzazi awepo. Basi hapa nipo. Tayari anajua kugawa njia. Anamsuka mwanasesere wake matuta manne yaliyonyooka kuliko yangu.

Jumamosi mama alikuja kwangu Buruburu. Siku hizi vidole vyake vina baridi yabisi na hufanya mistari sita pale alipokuwa akifanya kumi na miwili. Nilimwonyesha ule ujumbe. Aliusoma bila miwani, simu akiwa ameishika mbali, kisha akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: kwamba lile gazeti la 1989 hakulitupa siku ile. Alikaa nalo chini ya godoro mpaka Pasaka. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Sikujua niliweke wapi."

Jumapili, saa tisa, nilimwita binti yangu. Hatuna mlango unaofunguka nje kama wa Jericho, kwa hiyo tulikaa kwenye roshani, yeye chini juu ya mto, mama kwenye kiti akisimamia. Natumia kichana chenye mkia, sindano ilipotea zamani. Kwenye mstari wa nne, akiwa ananitazamisha kisogo, aliniambia kwamba muhula wote uliopita kuna mtoto mkubwa aliyekuwa akimnyang'anya chakula chake cha saa nne. Muhula wote. Nilikuwa nimemuuliza kila jioni kuhusu shule, macho kwa macho, naye alijibu kila jioni kwamba ilikuwa sawa. Mama alinitazama juu ya kichwa chake, na mimi nikachukua fungu lililofuata na kuuliza, kwa sauti ile ile, huyo mtoto yuko gredi gani.

Jumatatu nilimpeleka mwenyewe hadi langoni, mistari minane imerudi nyuma, imefungwa kwa utepe wa rangi ya sare. Mwalimu wa zamu alimtazama, akanitazama, akasema aingie kwa sasa, lakini jambo hili litaamuliwa kwenye mkutano wa wazazi. Mkutano ni Ijumaa saa tatu asubuhi. Nimeomba ruhusa kazini, na nimeomba dakika tano za kusema.